Mashine ya Kuengua na Mzee wa Wavu

Ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai, London, Toronto na kwingineko, tunawaandikia kutoka Dengfeng. Wengi wenu mliopita huku kununua bidhaa mnaijua mitaa yetu kwa jina la Xiaobei, ambalo pia ni jina la stesheni ya treni ya chini ya ardhi, njia ya 5, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2009. Dengfeng ndiyo kata yenyewe, katika wilaya ya Yuexiu: jengo la Tianxiu, mtaa wa Baohan Zhijie na vichochoro vyake, mikahawa ya Wachina Waislamu yenye tambi za kuvutwa kwa mkono, na maofisi ya kusafirisha mizigo yaliyobandika majina ya miji ya kwetu milangoni. Tumepungua sana kulinganisha na zamani. Waliokuwapo Aprili 2020 wanayo yao ya kusimulia, lakini si hayo tunayoyaandika leo. Leo tunataka kuzungumza juu ya bwawa la kuogelea.

Msishangae. Sisi tunaoandika haya ni watu watatu, wahandisi, wote tumeshavuka hamsini. Tulikuja China miaka ya tisini kwa ufadhili wa masomo, mwaka mmoja wa lugha Beijing na miaka minne ya uhandisi wa mitambo Wuhan, tukarudi nyumbani, kisha tukarejea tena huku. Riziki yetu ni kukagua mashine za watu kabla hazijafungiwa kwenye kontena. Wako wanaokagua nguo na viatu. Sisi hukagua pampu, jenereta, mashine za kukamua mafuta. Mwenye fedha yuko Zanzibar, Mombasa au Bukavu, kiwanda kiko Foshan au Shenzhen, na sisi tunakwenda kutazama kwa niaba yake.

Mwaka jana, mwishoni mwa Machi, alitufikia mpwa wa mmoja wetu. Alikuwa ametumwa na mama mmoja mwenye hoteli ndogo pwani ya mashariki ya Unguja, vyumba kumi na vinane na bwawa moja. "Wajomba," akasema kabla hata ya kumaliza chai, "Bi Mkubwa anataka roboti mbili za kuokota majani juu ya maji. Zinatembea zenyewe kwa jua. Ameziona kwenye simu." Kisha akatoa karatasi ya hesabu. Bei ya mashine mbili upande mmoja, mishahara ya wafanyakazi wawili wa bwawa upande wa pili. Kwa hesabu ile mashine zingejilipa ndani ya miezi kumi na moja, na mtunza bustani angepewa kazi ya kumwaga vikapu.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hiyo, nalo ni kuengua. Mama zetu walituengulia povu la nyama chungu kinapoanza kuchemka, wakaengua na mafuta yakizidi juu ya mchuzi. Siku hizi neno hilo tunalisikia zaidi wakati wa uchaguzi, wagombea wanapoenguliwa. Basi roboti hii ni mashine ya kuengua. Haizami wala haisugui sakafu. Hiyo ni aina nyingine, watu huzichanganya. Hii inaelea kama bata. Mbele ina magurudumu ya makasia yanayovuta maji ya juu kuyaingiza mdomoni, nyuma ina kikapu chenye chujio laini, mgongoni paneli ya umeme wa jua inayojaza betri ya lithiamu. Vihisio vyake huambia mota ukuta uko karibu, nayo hugeuka na kushika njia nyingine.

Kwa nini juu ya maji hasa? Kwa sababu karibu kila uchafu huanzia pale. Jani la mkungu likianguka huelea kwa masaa machache, kisha hulowa na kuzama. Likishazama hutoa rangi inayotia doa kwenye vigae, hula klorini iliyowekwa kwa ajili ya vijidudu, na hulisha mwani. Si mwani ule wanaoulima kina mama wa Paje, bali ndugu yake mdogo, ule utelezi wa kijani. Ongeza mafuta ya kujipaka dhidi ya jua yanayotoka kwa wageni, ongeza vumbi la kusi na vijiti vya mvinje. Anayeviwahi vitu hivi vikiwa bado vinaelea huokoa kazi kubwa na dawa nyingi.

Bwawa la kawaida hutegemea skima, kile kidirisha cha ukutani kinachonyonya maji ya juu kwa nguvu ya pampu. Hapa ndipo tulipoanza kuipenda mashine hii, maana kuna hesabu ambayo kila mwanafunzi wa mitambo huikariri: nguvu inayoliwa na pampu hufuata mchemraba wa kasi yake. Punguza kasi kwa nusu, nguvu inashuka hadi moja ya nane. Bwawa la Bi Mkubwa lina mita 12 kwa 6, kina cha wastani mita 1.4, yaani kiasi cha lita 100,000. Pampu ya kilowati 1.1 ikizunguka kwa masaa 8 inakula uniti 8.8 kwa siku. Ukiizungusha kwa nusu ya kasi kwa masaa 16 unapitisha maji yale yale kwa uniti 2.2. Hiyo ni hesabu ya kitabu; kwenye bomba halisi faida hupungua, na pampu yenyewe lazima iwe ya aina inayokubali kubadilishwa kasi. Ubaya ni kwamba kasi ikishuka skima nayo hulegea, majani hayaji. Mashine inayoengua kwa jua inaziba pengo hilo, na pampu inaachwa iende polepole.

Tena wenzetu wa Unguja wana sababu ya ziada ya kupenda kitu kisichongoja waya. Umeme wao unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari. Kebo ya zamani iliposhindwa, kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo mpya ilikuja 2013. Aliyekuwa na bwawa bila jenereta siku zile anajua rangi ya maji yake ilivyokuwa.

Tukachukua sampuli moja tukaijaribu. Mmoja wetu anaishi kwenye nyumba za ghorofa zenye bwawa la wazi, na msimamizi alikubali kutuachia kwa wiki mbili kabla ya msimu wa kuogelea kufunguliwa. Wakati ulikuwa mzuri mno. Guangzhou ina tabia ya ajabu: miti yake mingi hupukutisha majani Machi na Aprili, wakati mingine inachipua. Juu ya hayo, ua la mji huu ni la mti ambao ni ndugu wa msufi wetu, mwekundu, na ifikapo mwisho wa Aprili hupasua vitumba na kumwaga sufi hewani kama mito ya kitanda imechanwa. Sufi haizami upesi. Kama mashine ingeweza kuengua sufi, basi mvinje na mkungu si kitu.

Iliengua majani vizuri, hilo tunalisema wazi. Bwawa lililofunikwa alfajiri lilikuwa jeupe kabla ya adhuhuri siku zenye jua. Siku za mawingu, ambazo Guangzhou katika majira yale ni nyingi, ilichoka alasiri na kusimama katikati ya maji. Sufi iliyolowa iliganda kwenye chujio kama ugali kwenye sufuria, na tukawa tunaliosha mara tatu kwa siku. Kikapu kikijaa mashine haijui. Inaendelea kutembea ikisukuma uchafu mbele yake. Kwenye kona, upepo unapokusanya takataka zote, ndiko ilikopita mara chache zaidi. Ngazi ya chuma ilikuwa adui yake mkubwa: ilijichomeka pale kama mbuzi kwenye ua wa miiba, ikipiga makasia bure hadi tuivute. Na mchanga, ambao wageni wa ufukweni huubeba kwa nyayo zao kutwa nzima, hauihusu kabisa, maana mchanga huzama.

Kuhusu skrubu tulikuwa wagumu. Hewa ya pwani ya mashariki ina chumvi, maji yana klorini, na chuma cha pua cha daraja 304 kitaota madoa ya kutu huko, tulitaka 316. Wanunuzi wetu wengi hupima kwa sumaku na kuondoka wameridhika. Sumaku haitofautishi 304 na 316. Kuna dawa ya matone inayoonyesha madini ya molibdeni, ambayo 316 inayo na 304 haina, na chupa yake haina bei kubwa. Muuzaji alibadilisha skrubu baada ya kuona matone. Kijana wetu naye alitaka kubeba mashine ndani ya sanduku lake la nguo. Betri yake ni volti 24 na ampea-saa 8, yaani wati-saa 192. Kwenye ndege ya abiria mwisho ni 160, na kuanzia 100 lazima upate ruhusa ya shirika. Kwa hiyo ingekwenda kwa meli, kwa karatasi za mizigo ya hatari kama zinavyotakiwa kwa betri za lithiamu. Hayo ndiyo mambo tunayolipwa kuyajua.

Kazi yetu ingeishia hapo. Lakini ile karatasi ya miezi kumi na moja ilikuwa bado mezani, na mhandisi akiona hesabu yenye tarakimu inayodai mashine inafanya kazi ya watu wawili, lazima aulize watu hao wawili wanafanya kazi gani. Tulimwomba kijana apige simu hotelini, awaombe wenyewe watueleze siku yao kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa sauti, bila kuandika.

Aliyejibu alikuwa mkubwa wao, mzee wa kama miaka sitini, aliyekuwa mvuvi kabla ya kushika wavu. Alizungumza dakika tisa. Baada ya sala ya alfajiri anapitisha wavu, kaskazini kwanza kwa sababu ndiko kusi inakosukuma majani. Anapima maji kwa kile kisanduku cha rangi, anatia dawa, anasugua mstari wa mafuta kwenye vigae, anafagia mchanga, anafungua miavuli. Mwenzake, kijana wa Makunduchi, anapokea mchana na kupitisha wavu tena alasiri. Wawili hawa wanashika masaa kumi na mbili kwa siku, na wavu wenyewe, siku za kusi kali, haupiti masaa matatu. Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba tangu Ramadhani ya mwaka uliotangulia alikwisha watoa majini watoto wawili wa wageni. Mmoja alikuwa wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa ameketi hatua nne kutoka pale, akisoma. "Hakupiga kelele, ndugu zangu. Mtoto anayezama hapigi kelele. Mimi nilikuwa napitisha wavu, nikaona maji yamekaa vibaya."

Tuliisikiliza sauti ile mara mbili. Kwenye mkataba wake imeandikwa "msafishaji wa bwawa". Hoteli haina mwokoaji, na haikuwahi kuwa naye, kwa sababu siku zote alikuwapo mtu kando ya maji.

Sasa fikirini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wengi wao hawakufia kwenye mabwawa ya hoteli, wamefia mitoni, maziwani na baharini. Hata hivyo mtoto wa miaka mitatu haulizi maji ni ya nani. Na hapa hapa China, nchi inayotengeneza roboti hizi na kuziuza dunia nzima, kiwango cha taifa cha 2013 kinataka bwawa linalofunguliwa kwa umma, hata likiwa dogo la mita za mraba 250 au chini yake, liwe na waokoaji wasiopungua watatu. Bwawa la Bi Mkubwa ni mita za mraba 72. Yule msimamizi wetu wa Guangzhou alipoona mashine ikizunguka alicheka, akauliza kama huko kwetu inajua pia kuogelea.

Hatukukubaliana sisi kwa sisi, na ni haki mjue. Mwenzetu mmoja, aliyewahi kusimamia kiwanda kwa miaka kumi na miwili, alisema haya si yetu. Tumeajiriwa kuangalia skrubu na betri; mwenye hoteli ana akili zake na mishahara ni yake; tena tukimharibia biashara muuzaji leo, kesho hatatupokea. Akaongeza neno ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka: mtu anayepitisha wavu anaangalia majani. Kama mashine ingebeba majani, macho ya mzee yangekuwa huru zaidi kuangalia watoto. Kwa nini tuipige vita?

Ni kweli, na ndiyo maana hatukuipiga vita. Tulibishana hadi mgahawa wa tambi ukataka kufunga, tukaafikiana kuandika ripoti ya kihandisi, yenye tarakimu, na tarakimu zake zikawa hizi. Mashine inachukua kazi ya wavu, ambayo ni masaa matatu kati ya kumi na mawili, yaani robo. Kwa hiyo miezi kumi na moja inakuwa arobaini na minne, na kabla ya hapo betri itakuwa imeshazeeka. Bwawa la ukubwa ule halihitaji mashine mbili. Moja inatosha, na kwa moja ni miezi ishirini na miwili. Mashine isiwemo majini watu wanapoogelea, maana mtoto ataipanda kama farasi, kwa hiyo lazima awepo wa kuitoa na kuirudisha. Mwisho tukaandika kwamba wafanyakazi wa bwawa wamekuwa wakifanya kazi ya uokoaji bila mafunzo wala malipo yake, na kwamba kuwaondoa ni kuondoa kinga pekee iliyopo. Sentensi hiyo ya mwisho mwenzetu alikataa kuitia saini. Tulitia wawili.

Bi Mkubwa alipiga simu usiku wa manane wetu. "Nimekutumeni mashine," akasema, "hamkunitumia mashine, mmenitumia khutba." Tukamwambia, "Bi Mkubwa, tazama ukurasa wa pili, ule wa miezi." Akakata. Kwa siku sita tulidhani tumeipoteza kazi, na mwenzetu hakusema "niliwaambieni", ila alikunywa chai yake kwa namna ambayo ilitosha kusema. Siku ya saba kijana akaleta jawabu: mashine moja, skrubu za 316, na mzee abaki.

Iliondoka kupitia bandari ya Nansha pamoja na pampu mbili na vigae vya mtu mwingine. Ilipofika, mzee aliiita Bata, na jina hilo limeshika hoteli nzima. Anaifunga kamba ya kuvulia ili isijichomeke kwenye ngazi, jambo ambalo halimo kwenye kitabu cha maelekezo na ambalo linafanya kazi kuliko vihisio. Wageni wanapoingia majini anaivuta nje na kuiweka kivulini chini ya mkungu. Tulimwambia aiweke juani ijaze betri. Akajibu kwamba juani watoto wanaiona na kuitaka.

Kijana wa Makunduchi habari yake si nzuri. Masika ya mwaka huu hoteli ilipofungwa alipewa likizo bila mshahara, na hadi tunaandika haya hajaitwa kurudi. Mzee anashika masaa yote kumi na mawili, isipokuwa anapokwenda kusali, na hapo mtunza bustani humshikia. Tumeuliza kuhusu mafunzo ya uokoaji, tumeambiwa "tutaona". Mwenzetu aliyekataa kutia saini ndiye anayeuliza kila mwezi.

Wiki iliyopita mzee alitutumia sauti nyingine, akitaka vitu vya kununuliwa huku: kikapu cha akiba, brashi ya vigae, na firimbi, "ile ya sauti kali, ya chuma". Kikapu na brashi vitakwenda na kontena. Firimbi tumeshainunua Baohan Zhijie, tumenunua mbili. Kama yupo anayepita Guangzhou akielekea Unguja karibuni, tafadhali atuulizie katika mgahawa wowote wa Waswahili uliobaki Dengfeng, watamwonyesha tulipo. Kifurushi hakifiki nusu kilo, na hakina betri.